Daftari la Gari la Dawa

Viwavi elfu ishirini walikufa siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri, na kufikia saa kumi kila mtu nyumbani mle alishamjua muuaji. Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa na muuaji wake.

Mfumaji, mwenye nyumba, alisema ni joto. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viwavi, alisema ni dawa ya kuchua ya mama mkwe, ile inayonuka mpaka nyumba ya tatu. Mama mkwe, ambaye bila dawa ile magoti yake hayakunjuki, alisema kuna mikono iliyoumbwa kwa kufuga na mikono iliyoumbwa kwa mengineyo, na mkono wa mkaza mwanawe bado haujajulikana umeumbwa kwa lipi.

Yote hayo waliyasema kwa kunong'ona. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Kiwavi wa hariri hapendi moshi, hapendi manukato, na wafugaji wanaamini hapendi makelele, kwa hiyo tangu chumba cha kulala kilipogeuzwa chumba cha viwavi na wenye nyumba kuhamia sebuleni, hakuna aliyekuwa amepaza sauti mle ndani. Sasa viwavi walikuwa wamekwisha, lakini watu walishazoea.

Walikufa vibaya. Kiwavi hulala mara nne maishani, na akiamka usingizi wa nne hula siku saba mfululizo kama aliyeambiwa kesho hakuna, kisha hupanda kwenye vijiti kujisokotea kifukofuko. Hawa walikuwa wamebakiza siku nne wapande. Mama Viwavi aliingia asubuhi na kikapu cha majani ya mforosadi akawakuta wanatikisa vichwa, wanatapika maji ya kijani, wanasinyaa. Alikaa chini katikati ya vichaga vya mianzi akalia kama mtu aliyefiwa, na ukweli ni kwamba alikuwa amefiwa.

Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, mama mnene asiyependa kukaa kwenye nyumba za watu, alifika siku ya tatu akasimama mlangoni.

"Nina sanduku moja la mayai limebaki," alisema. "Wanachama wengine wananiambia nisikupe. Nitakupa. Lakini na hawa wakifa, dada yangu, vichaga nampa mwingine, na wewe utafute kazi nyingine ya kufanya."

"Hawatakufa," alisema Mama Viwavi.

"Hata wale uliniambia hawatakufa."

Mwenyekiti alipoondoka, Mama Viwavi alitoka hadi kwenye safu ya miforosadi iliyoota kando ya mtaro wa barabara, akachuma jani akalinusa. Lilikuwa na harufu ya mbali, kama kitambaa kilichofutiwa mafuta ya taa wiki iliyopita. Akanusa la pili. Akamwita mumewe anuse.

"Jani tu," alisema Mfumaji, upesi kuliko ilivyohitajika.

*

Dirishani kwenye ofisi ya mji, karani alimwambia Mama Viwavi hakuna dawa yoyote inayopulizwa mtaa wao. Alimwambia bila kufungua kitabu chochote, huku akitafuta kofia ya kalamu yake. Mama Viwavi akarudi nyumbani akaandika barua ya kurasa nne yenye kichwa cha habari KWA NINI MMENIULIA VIWAVI WANGU, akaipigia mstari mara mbili.

Baada ya siku kumi alipata majibu matatu, yote siku moja. Idara ya mifugo ilisikitika kumjulisha kwamba mfugo ni mnyama mwenye kwato au manyoya. Idara ya kilimo ilimjulisha kwamba kiwavi si zao, bali ni adui wa mazao, na ikampongeza kwa kuwapunguza. Idara ya afya ilimshauri anawe mikono.

Aliyachukua majibu yake akaenda nyumba ya nne, kwa Mzee Masjala. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye masjala ya ofisi ileile, akitunza mafaili, na tangu astaafu alikuwa anakaa barazani na tai shingoni akisubiri mtu amuulize jambo. Alisoma barua ya Mama Viwavi yote, kurasa nne, akitingisha kichwa.

"Umeandika vizuri. Mpaka mimi machozi yamenilenga. Lakini umekosea."

"Nimekosea wapi, Mzee?"

"Umeuliza kwa nini. Serikali haina faili la kwa nini, binti yangu. Ina faili la nini, lini na wapi. Kuna sheria inayokupa haki ya kuona karatasi za umma, na wana siku ishirini na moja za kukujibu. Lakini lazima uombe karatasi, si huruma. Gari la kupulizia dawa lina dereva. Dereva ana daftari. Kila siku akirudi anaandika alikopita, saa ngapi, dawa gani. Asipoandika hapewi mafuta. Omba daftari hilo."

Barua ya pili ikawa mistari mitatu. Mama Viwavi aliiona imekuwa fupi mno, kama ya mtu aliyenuna.

"Hiyo ndiyo wanayoiogopa," alisema Mzee Masjala. "Na usitoke pale bila muhuri wa kupokelewa. Siku hazianzi kuhesabiwa mpaka muhuri ugonge."

Mama Viwavi alipomweleza mumewe mpango huo, Mfumaji aliacha kula.

"Mke wangu, ofisi ile si ya kuchokoza."

"Namchokoza nani? Naomba karatasi."

"Basi nipe mimi niipeleke. Nina njia huko."

"Njia gani? Wewe toka lini una njia ya ofisini?"

Mfumaji hakuwa na njia ya ofisini. Alikuwa na kitanda chake cha kufumia kibandani kando ya barabara, na tangu viwavi wafe alikuwa anafuma vitambaa vya kupangusia meza kwa nyuzi za pamba, kazi aliyoiona ya aibu.

Jumatatu iliyofuata mayai ya sanduku la mwisho yalianguliwa, viwavi wadogo kama vumbi jeusi linalotembea. Jumatatu hiyohiyo Mama Viwavi alisimama dirishani saa mbili na nusu akisubiri muhuri. Kwanza afisa mwenye muhuri alikuwa likizo. Kisha hakuwa likizo ila alikuwa kwenye chai. Kisha alirudi, ikagundulika wino umekauka. Karani akamwambia aache barua, muhuri utagongwa kesho. Mama Viwavi akafungua mkoba akatoa kichupa cha wino alichopewa na Mzee Masjala, akakiweka dirishani.

Muhuri ukagonga.

*

Kuanzia hapo ofisi na viwavi vikaenda kwa kalenda moja, ila viwavi hawakwenda chai. Walilala usingizi wa kwanza, wakaamka, wakala. Wakalala wa pili. Mama Viwavi aliosha kila jani kwa maji matatu, akalipangusa, akalinusa, kisha akamnusisha na mama mkwe, maana pua ya bibi yule ilikuwa kali tangu aache dawa ya kuchua.

Ndiyo, alikuwa ameiacha. Siku mayai yalipoanguliwa, mwenyewe aliichukua chupa akaitupa shimo la taka, akasema kama kweli ndiye aliyeua basi Mungu amsamehe. Tangu hapo alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Usiku alilala kwa kuugulia, naye kwa adabu ya nyumba aliugulia kwa kunong'ona.

Mfumaji alimsikia mama yake kila usiku, na kila asubuhi aliamka mwema zaidi. Alichuma majani. Aliosha vichaga. Alimletea mama yake maji ya moto ya kukandia magoti. Mama Viwavi alimtazama akamshukuru Mungu, jambo linaloonyesha kwamba mwanamke anayeamka alfajiri kulisha viwavi elfu ishirini hapati muda wa kufikiri. Mume anayeosha vichaga bila kuombwa ana lake jambo.

Siku ya ishirini na moja, viwavi walipokuwa wameamka usingizi wa nne na chumba kizima kinasikika kama mvua kwa utafunaji wao, Mama Viwavi na Mzee Masjala walifika dirishani. Mzee alikuwa amevaa suti. Karani alipomwona alisimama wima bila kutaka, kisha akakasirika kwamba amesimama.

Walipewa bahasha nene. Kutafuta ukurasa mmoja kulikuwa na kazi, kwa hiyo karani alikuwa ametoa nakala ya daftari lote, kurasa hamsini na tatu, pamoja na kila kilichobanwa ndani yake kwa pini.

*

Walisomea sebuleni, mlango wa chumba cha viwavi umeegeshwa. Mama mkwe alikalia kiti, miguu juu ya kigoda. Mfumaji alisema ana kazi kibandani.

"Kaa," alisema Mama Viwavi. "Ni mambo ya nyumba nzima."

Mzee Masjala alivaa miwani, akalamba kidole, akaanza kwa sauti ya ofisini, mpaka alipokumbushwa anong'one.

"Alhamisi. Saa moja asubuhi. Mtaro wa barabara ya miforosadi. Dawa ya mbu, lita sitini."

Mama Viwavi alifunga macho. Alhamisi, na wao walikufa Ijumaa. Hakuwa mwendawazimu, mkono wake haukuwa na kasoro, na majani yale yalinuka kweli. Alijikuta amemshika mama mkwe wake mkono.

"Mama, nisamehe. Haikuwa dawa yako."

"Mimi nilijua," alinong'ona mama mkwe, ambaye hakuwa amejua na ambaye machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilijua ila nilinyamaza. Soma, Mzee."

"Upulizaji utarudiwa kila baada ya wiki sita, siku ya Alhamisi." Mzee alihesabu kwa vidole. "Hii Alhamisi. Keshokutwa na siku moja."

Nyuma ya mlango viwavi walikuwa wanatafuna. Walihitaji siku sita za majani, na majani ya mforosadi yakichumwa leo kesho yamenyauka.

"Nani amewaita?" aliuliza Mama Viwavi. "Mtaa huu hawajawahi kuzibua hata mtaro. Nani amewaita?"

"Ipo. Imepulizwa kwa ombi la mkazi, barua imeambatishwa." Mzee Masjala aligeuza ukurasa, akaanza kusoma, akakohoa. Akavua miwani akaifuta. Akaivaa tena, na kwa kuwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuficha karatasi, akasoma. "Mimi ni mfumaji, kibanda changu kiko kando ya mtaro. Mbu huniuma miguuni nikiwa kazini. Mkono wa kulia unarusha uzi, wa kushoto unaupokea, na miguu yote miwili iko kwenye vikanyagio, hivyo sina kiungo cha kumpigia mbu. Naomba msaada wenu wa haraka."

Wote watatu walimgeukia Mfumaji, aliyekuwa anatazama dari.

"Ni ya mwaka jana," alinong'ona. "Kabla ya viwavi. Niliandika kama watu wote wanavyoandika, bila kutegemea. Nani angedhani watakuja? Mtaje mtu mmoja mtaa huu aliyewahi kuandikia ofisi ile wakaja!"

Hilo lilikuwa kweli, na kwa muda mfupi lilimsaidia.

"Na Alhamisi ile uliwaona?" aliuliza mkewe.

"Niliwaona."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia… asante."

Kama mtu hajawahi kugombezwa kwa kunong'ona, asidhani ni nafuu. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti bila kushika ukuta, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Magoti yangu!" alinong'ona. "Wiki tatu natambaa kama mtoto! Wiki tatu naomba toba kwa dhambi isiyo yangu, na wewe unaniletea maji ya moto! Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe nimeizaa mimi!"

"Mama, punguza sauti, viwavi…"

"Leo ndiyo unawakumbuka viwavi?"

Mama Viwavi alikuwa anazipanga karatasi upya, moja moja, na hilo ndilo lililomtisha Mfumaji. Alipiga magoti kwenye mkeka.

"Mke wangu, nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka. Niliona aibu. Naomba unisamehe."

"Leta kwa maandishi," alisema mkewe.

*

Kesho yake asubuhi Mfumaji alikwenda mwenyewe ofisini. Mwombaji ndiye pekee anayeweza kufuta ombi lake, ndivyo Mzee Masjala alivyosema. Kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, na karani alikuwa mtu wa sauti.

"Hapa pa sababu umeandika nini? Ngoja nisome. 'Dawa niliyoiomba imeua viwavi wa mke wangu.'" Alimtazama juu ya miwani. "Yaani wewe ndiye uliyeita gari, na mkeo ndiye aliyeomba daftari?"

"Ndiyo."

"Mnalala nyumba moja?"

Foleni ilicheka. Mtu wa nyuma aliyekuwa amekuja kwa habari ya cheti cha kifo naye alicheka. Mfumaji alisimama pale masikio yakimwaka, na hakuondoka. Alisubiri mpaka muhuri ukagonga.

"Utashughulikiwa ndani ya siku ishirini na moja," alisema karani.

"Gari linakuja keshokutwa!"

"Basi litakuja keshokutwa. Anayefuata."

*

Alhamisi saa moja kasorobo familia nzima ilikuwa barabarani. Mfumaji alishika karatasi yake yenye muhuri. Mama mkwe alileta kiti chake akakiweka chini ya mforosadi wa kwanza na kukikalia. Mama Viwavi alisimama na bahasha kifuani. Alikuwa hajalala. Ndani, viwavi walikuwa wamefika unene wa kidole, na alijua kila mmoja angekula mpaka Jumapili.

Gari likaja, tangi mgongoni, dereva mfupi mwenye kofia na kijana wa mpira wa dawa. Mfumaji akanyoosha karatasi yake. Dereva aliisoma mpaka chini.

"Nzuri. Lakini wewe una karatasi ya kutopuliza, mimi nina karatasi ya kupuliza. Ya kwako haijafika kwangu. Mama, ondoa kiti, dawa hii inawasha."

"Nina mapafu mazima, niyatunzie nini?" alisema mama mkwe. Hakusogea.

"Mama, nina mitaa saba leo! Nisipopuliza lazima niandike sababu, na sababu zenyewe ziko nne tu. Mvua, gari bovu, dawa kuisha, na upepo mkali. Hakuna sababu ya bibi kukaa."

"Andika upepo," alisema Mama Viwavi.

Dereva alitazama juu. Hapakuwa na jani lililotikisika. Moshi wa jiko la jirani ulikuwa umesimama wima kama mlingoti.

"Upepo uko wapi?"

Mama Viwavi alitoa karatasi kwenye bahasha. Alikuwa amezisoma zote hamsini na tatu, mara mbili, na pengine alikuwa mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo.

"Uleule wa mwezi uliopita, tarehe tatu. Mtaa wa sokoni, hukupuliza, umeandika upepo mkali. Siku ile nilianika unga uani, haukupeperuka hata chembe. Tarehe tisa, mtaa wa shule, upepo mkali. Siku ya fainali ya mpira, mitaa mitano, upepo mkali tangu saa nane mpaka saa kumi. Ulivyokwisha mpira na upepo ukatulia." Aligeuza ukurasa. "Niendelee? Mwezi wa nne ulikuwa na dhoruba."

Kijana wa mpira wa dawa aligeuka kutazama upande mwingine, mabega yakimtikisika. Dereva alivua kofia akajipepea, kisha akaona anachokifanya akaacha.

"Hizo karatasi umezipata wapi?"

"Nimeziomba. Kwa barua. Nikapewa."

"Kumbe wanatoa?"

"Wanatoa."

Dereva aliitazama bahasha, akifikiria pengine maisha yake yote ya kujaza daftari ambalo hakuna aliyelisoma. Halafu akalifungua juu ya boneti, akatoa kalamu.

"Niandike mkali, au wa wastani?"

"Mkali, mwanangu," alisema mama mkwe kutoka kitini. "Huoni ninavyoshikilia kiti?"

Aliandika. Alipomaliza alimgeuzia Mama Viwavi daftari aone, kwa heshima, kama mwanafunzi anayeonyesha hesabu. Gari likageuza likaenda zake, na Mfumaji, kwa mazoea, alitaka kusema asante. Mama yake alimwangalia, naye akafunga mdomo.

*

Jumapili alasiri Mama Viwavi alikuwa peke yake chumbani, amekaa sakafuni kati ya vichaga. Utafunaji ulikuwa umepungua tangu asubuhi. Aliogopa. Aliogopa hata kuhema. Ndipo kiwavi mmoja, kwenye kichaga cha juu, alipoacha jani lake, akapanda kijiti polepole, akainua kichwa na kukipeleka kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Uzi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba aliuona tu pale ulipopigwa na mwanga wa dirisha.

Alilia. Alijifuta kwa upande wa kanga, akalia tena.

Mlango ulifunguka kidogo. Mfumaji alikuwa amesimama kizingitini, miguu yake imevimba kwa kuumwa na mbu, hajui kama anaruhusiwa. Tangu Jumatatu hakuwa ameingia chumba kile.

Mama Viwavi alimwacha asimame kidogo. Halafu akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja sakafuni.

"Vua viatu," alinong'ona.

Alivua, akaingia, akakaa.

"Wangapi wanasokota?"

"Mmoja."

Wakakaa wakimsubiri wa pili.